Vidole Vitatu Ndani ya Mshono

Ladislas alijua kwamba ameshasemwa kabla hajafungua kufuli la duka. Ilikuwa Jumatatu, saa mbili asubuhi, na kibaraza cha mafundi wa Nyamityobora, mtaa wa mji wa Mbarara nchini Uganda, kilikuwa vilevile kama siku zote: cherehani nne, pasi mbili za mkaa, vipande vya vitenge sakafuni. Hakuna aliyemwambia neno baya. Tatizo ni kwamba hakuna aliyemwambia neno lolote, isipokuwa Musoni, fundi mwenzake wa cherehani ya jirani, ambaye kwa miaka mitano hakuwahi kumnunulia hata andazi. Leo Musoni alimletea kikombe cha chai ya maziwa, akamwambia aketi kwanza apumzike. Ladislas akaishika ile chai, akaitazama, akaiweka chini bila kuionja. Mtu wa kukuletea chai bila sababu, ama ameshakukosea ama yuko njiani kukukosea.

Alikuwa na miaka arobaini na saba, Mkongomani wa Fizi, mrefu na mwembamba, mabega yameinama kwa kazi ya kushona. Jumatatu hadi Ijumaa alilala chumba cha nyuma ya duka hapo Mbarara. Ijumaa mchana alifunga na kurudi kambini Nakivale kwa mkewe Viviane, aliyeuza samaki wakavu na mawese kwenye soko la Base Camp. Maisha ya kawaida kabisa ya mkimbizi mwenye kazi ya mikono. Ila Ladislas alikuwa na jambo lake moja ambalo hakuwa amelichagua: maumivu ya watu wengine yalimwingia mwilini bila hodi.

Tangu utotoni. Kaka yake alichapwa shuleni, yeye ndiye aliyepata homa. Mchungaji wa kule kwao alisema ni karama. Majirani wa kule kwao walisema ni ulozi, na kwa kuwa majirani walikuwa wengi kuliko wachungaji, neno la ulozi ndilo lililoshika. Alipofika Nakivale, mama mmoja wa semina za afya ya akili aliwaeleza chini ya turubai kwamba wapo watu walioumbwa na mishipa myepesi, wanaosikia sana, na kwamba si dhambi wala si pepo. Ladislas alifurahi siku mbili nzima. Siku ya tatu alikutana na mtu aliyefiwa, akaumia kama kawaida.

Basi alijitengenezea njia zake za kuishi. Siku za mgao wa chakula hakukanyaga Base Camp, maana foleni ile ilimwacha hoi kama mtu aliyelima shamba la mwenzake. Jumamosi alilima maharage peke yake bila kuzungumza na mtu. Kanisani alikaa karibu na mlango. Dukani hakuwasha redio, na mteja alimpima akiwa amesimama ubavuni mwake, si mbele yake, ili macho yasikutane. Vipimo vizuri alivitaja kwa sauti. Vipimo vibaya, vya mtu anayekonda bila yeye mwenyewe kujua, aliviandika kimya kimya kwenye daftari. Kwa njia hizo aliishi vizuri, au alidhani anaishi vizuri.

Na alikuwa na siri ya kazi. Fundi mwingine akishona gauni la kubana huacha kitambaa cha upana wa kidole kimoja ndani ya mshono, basi. Ladislas akimpima mtu na kuona mwili wake umepungua kwa huzuni, alimwachia vidole vitatu kila upande, akavikunja vizuri, akavipiga pasi hadi visijitokeze hata kidogo. Alifanya hivyo kwa imani ya kijinga kidogo lakini ya kweli: huyu atapona, atanenepa tena, na siku hiyo nguo isimkatae. Mteja hakuambiwa. Ladislas aliona raha kumtendea mtu wema usioonekana, kwa sababu wema usioonekana haumlazimu mtu kushukuru, na shukrani za watu nazo zilimchosha.

Sasa hapo ndipo mkosi ulipopata mlango.

Ilikuwa hivi. Mwezi uliotangulia walikuja wanawake wawili kutoka nyumba za askari kwenye kambi ya jeshi, wakiwa na kitenge cha aina moja, cha njano na kijani. Walikuwa wanajiandaa kwa sherehe ya kumtoa binti wa ukoo anayeolewa, na walitaka kuvaa sare. Mmoja alikuwa Atuhaire, mke wa Sajini Kezironi, ambaye wakati huo alikuwa na mwaka mmoja na mwezi kazini mbali, huko jeshi lilikompeleka. Wa pili alikuwa Provia, wifi yake, dada wa huyo sajini. Provia alihamia kwa Atuhaire mara tu kaka yake alipoondoka. Mwenyewe alisema amekuja kusaidia kazi. Yeyote mwenye macho aliona amekuja kulinda.

Provia alipimwa kwa kelele na vicheko. Atuhaire alipimwa kimya. Ladislas alikuwa na kipimo chake cha zamani daftarini: kiuno inchi thelathini. Alipozungusha tepi, ikasoma ishirini na sita. Na palepale, vidole vyake vikiwa bado kwenye kitambaa, akasikia upweke wa yule mwanamke ukimpanda mikononi hadi kifuani, akalazimika kujifanya anatafuta chaki. Provia alikuwa amesimama mlangoni, anamtazama wifi yake kama askari wa zamu. Ladislas akaandika ishirini na sita kimya kimya, na usiku wa kuamkia siku ya kushona hakuhitaji kufikiri mara mbili. Gauni la Provia aliliachia kidole kimoja. La Atuhaire, vitatu.

Gauni lilipochukuliwa, Atuhaire alikuwa ameshakonda zaidi. Likamlegea. Ijumaa hiyo, Ladislas akiwa njiani kwenda Nakivale, Provia alilileta libanwe, akakuta duka limefungwa. Akampa Musoni. Musoni akalipindua, akatia wembe kwenye mshono, akaona kitambaa kinachomwagika humo ndani. Akatoa maneno ambayo fundi yeyote wa mji ule angeyatoa, kwa sababu kila fundi anajua nguo ya namna hiyo hushonewa nani.

"Eh! Huyu mwenzangu amefikiria mbele. Hivi ndivyo tunashonea mama mwenye mimba, likikua tumbo unaachia tu."

Provia alilichukua gauni la wifi yake likiwa limefumuliwa nusu, akatoka nalo.

Hayo yote Ladislas hakuyajua Jumatatu ile. Alijua tu kwamba chai imeletwa, kwamba mama wa mkahawa aliyezoea kumtania amegeuza uso, na kwamba mteja mmoja amekuja kuchukua kitambaa chake ambacho bado hakijakatwa, akisema safari imeahirishwa. Ladislas aliusikia uongo ule kabla haujamaliza kutoka mdomoni. Akamtazama Musoni kwa pembeni. Musoni alikuwa ameinamia cherehani yake akishona mshono mmoja mara ya pili, kazi ambayo hafanyi mtu mwenye moyo mweupe.

Saa nne Provia alifika, hakuna hodi wala salamu. Alilitupa gauni juu ya meza, juu ya kazi ya mtu mwingine.

"Wewe Mkongo, sema hapa mbele ya watu. Kaka yangu hayuko mwaka mzima. Wewe tumbo ya bibi yake ulijua namna gani?"

"Tumbo gani, mama?"

"Hii!" Akauvuta mshono, kitambaa kikafunguka. "Yangu nimefungua pia, kidole moja. Yake tatu. Fundi mwenzako mwenyewe amesema hii ni ya mimba. Mimi nakaa na yeye kwa nyumba, sijaona. Wewe uliona wapi?"

Watu walishaanza kusogea. Ladislas alifungua mdomo. Jibu alikuwa nalo, jepesi kabisa: nilimwona anakonda, nilisikia upweke wake, nikamwachia nafasi ya kupona. Lakini kulisema mbele ya Provia ni kumwambia mlinzi kwamba mfungwa wake anateseka, na kwamba mwanamume mwingine ndiye aliyeona. Angemchongea Atuhaire mara mbili.

"Niliacha tu fasi," alisema.

"Fasi ya nini?"

Akaanza kutafuta chaki. Mbaya zaidi, macho yakamjaa. Ndivyo alivyokuwa, hasira ya mtu ikimkaribia ilimtoka kwa njia ya machozi. Hakuwa anajililia mwenyewe. Chini ya ukali wa Provia alikuwa anasikia hofu halisi ya dada anayemwogopea kaka yake aliye mbali, na hofu ile ilimuuma. Lakini nani angeelewa hayo kwenye kibaraza cha Nyamityobora? Mwanamume mzima anaulizwa habari ya mimba ya mke wa mtu, analia. Hata mimi ningemhukumu.

"Muone," Provia akawaambia watu. "Muone wenyewe."

Siku iliyofuata alimpeleka Atuhaire kupimwa. Kipimo kikasema hakuna mimba. Mtu angedhani yameisha. Yalizidi. Provia alirudi nyumbani akisema kwamba kama haipo, basi imetolewa, na kama imetolewa kuna aliyeitoa na aliyelipa itolewe. Ukishamshuku mtu, hata ushahidi wa kumtetea unaugeuza kuwa kosa la pili. Akampigia kaka yake simu. Habari zikaja kwamba sajini amepewa likizo, anafika wiki ijayo.

Ladislas alizipata habari hizo kutoka kwa wanaojua kila kitu, yaani kutoka kwa kila mtu. Kazi ilibaki ya kushona vifungo. Alianza kumchunguza Musoni kama mtu anayechunguza jipu: anacheka na nani, anaongea na simu kuhusu nini, mbona siku hizi anawahi kufika. Akajihakikishia kwamba Musoni amepanga yote ili ampokonye wateja. Alimsikia Musoni ana kitu kizito kifuani, na katika kusikia hakukosea. Ila hakuuliza ni kitu gani. Alijaza mwenyewe.

Ijumaa alirudi Nakivale na wazo moja kichwani: asirudi tena Mbarara. Achukue cherehani, ashonee watu wa kambini, sare za shule na viraka, mambo yaishe. Alimkuta Viviane anapanga samaki kwenye beseni. Viviane alikuwa mwanamke wa namna nyingine kabisa. Jambo lisiloambiwa wazi halikumfikia, na aliloambiwa wazi hakulisahau.

"Baba Ushindi," alisema bila kuinua kichwa, "batu ba sokoni banasema umetia bibi ya musoda, ule sajini, mimba. Ni kweli?"

Ladislas alishtuka hadi akataka kucheka. Wiki nzima ya macho na minong'ono, na hilo lilikuwa swali la kwanza alilokutana nalo lisilo na kona.

"Hapana."

"Alor juu ya nini unalialia?"

Akamweleza. Akamweleza vidole vitatu, na upweke wa Atuhaire, na wengine wote waliokuwa wamevaa nafasi zake bila kujua, miaka yote. Kisha akamweleza jambo alilokuwa amelikalia tangu Jumanne, lililomnyima usingizi. Sajini mwenyewe alikuwa nayo. Kabla ya kuondoka, Kezironi alishona kwake suti ya Kaunda ya kijivu. Siku ya kupimwa alikuwa anapiga soga na kucheka hadi kibaraza kizima kikawa kinacheka naye. Lakini chini ya tepi kifua chake hakikutulia, na kilikuwa kimepungua inchi tatu kutoka shati lake la zamani. Sajini yule alikuwa anaogopa safari yake, na hofu ilikuwa inamla nyama. Ladislas akamwachia vidole vitatu.

Viviane akaweka samaki chini. "Ni vizuri basi. Iko na alama kwa nguo yake mwenyewe. Afungue aone. Na mimba hana."

"Ataniuliza juu ya nini nilimuachia. Nitamwambia nini? Kama alikuwa na woga? Yeye musoda, mbele ya batu na dada yake?"

Viviane alifikiri. Kisha akasema maneno ambayo Ladislas hakuyapenda, na ambayo hakuweza kuyatoa kichwani usiku kucha. "Weye unasikiaka bya batu mingi, lakini hauulizake na hausemake. Unabeba tu. Mutu mwenye kubeba bintu ya batu bila kusema, ata mimi naweza kumuita mwizi." Akachukua samaki wake. "Na miye nitakuamini nikiona ile koti. Sasa hivi, nakuamini nusu."

Jumatatu akarudi. Si kwa ushujaa. Alirudi kwa sababu ya ile nusu.

Sajini Kezironi alikuja Alhamisi, saa sita mchana, kibaraza kikiwa kimejaa. Hakuvaa sare. Alivaa ile Kaunda ya kijivu, na ilimning'inia mabegani kama imeangikwa msumarini. Provia alikuwa nyuma yake. Nyuma ya Provia, hatua kumi hivi, alisimama Atuhaire na kanga kichwani, hatazami mtu. Cherehani zikanyamaza moja baada ya nyingine.

"Fundi," sajini alisema, na sauti yake ilikuwa ya chini, "mimi na wewe hatuna vita. Mimi nataka jibu moja, halafu mimi najua nitafanya nini. Bibi yangu, ulimfanyia nguo ya mimba kwa nini?"

Ladislas alisimama. Aliisikia hasira ya yule mtu, na chini ya hasira uchovu ambao hajawahi kuusikia kwa mtu aliye hai, na machozi yakaanza kupanda. Safari hii aliyaacha yapande, akasema hivyohivyo.

"Afande, uvue hii koti."

Kibaraza kikapigwa na butwaa. Kumwambia askari avue nguo hadharani! Musoni akainuka, hajui amzuie nani.

"Unasema nini?"

"Uvue, tafadhali. Uigeuze ndani nje. Uangalie mushono ya ubavu."

Kezironi alimtazama usoni. Kisha, pengine kwa sababu ya machozi yale, pengine kwa sababu mtu aliyechoka hutii kwa mazoea, akafungua vifungo. Fulana yake ilionyesha mbavu. Akaigeuza Kaunda juu ya meza. Ladislas akampa wembe, mkononi kabisa, mbele ya watu wote, na hilo lilimtuliza kila mtu bila kujua kwa nini. Sajini akakata nyuzi tatu. Mshono ukafunguka, kitambaa cha kijivu kikamwagika. Akaweka vidole vyake juu yake. Kimoja, viwili, vitatu.

Akaugeukia upande wa pili. Vitatu.

"Provia," alisema polepole, "sasa hii tumbo yangu mimi, nani alinipatia?"

Mtu mmoja nyuma akacheka, akajikata. Ila sajini hakucheka. Alikuwa anamkazia macho Ladislas, na swali la pili lilikuwa linakuja, na Ladislas aliliona kama mtu anavyoona ng'ombe akivuka barabara.

"Kwa nini uliniwekea?"

Hapa angeweza kujiokoa kwa neno moja, na neno hilo lingemmaliza sajini mbele ya mtaa mzima. Ladislas akanyoosha mkono kwenye pazia la kupimia. "Tuingie ndani, Afande. Hii si ya hapa."

"Ya hapa!" Provia akadakia. "Aseme hapa hapa!"

"Nyamaza wewe," sajini alisema, akaingia.

Nyuma ya pazia la kupimia palikuwa na kigoda kimoja na kioo. Ladislas hakukaa ubavuni kama desturi yake. Alisimama mbele, macho kwa macho, akaona vigumu mno.

"Siku ile ulikuwa unachekesha watu," alisema kwa sauti ya chini. "Mimi nilikuwa napima kifua. Ilikuwa inatetemeka. Na ulikuwa umeshakonda inchi tatu. Nikajua ile safari inakuogopesha. Nikasema, huyu atarudi, atakula, atarudia mwili yake. Nikakuachia fasi."

Sajini alitazama kama pazia limefungika vizuri.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna mutu. Bibi yangu tu, na yeye iko kambini, hakujui."

"Na Atuhaire?"

"Yeye kiuno ilikuwa thelathini mbele ya wewe kwenda. Nikamupima tena, ishirini na sita. Afande, alikuwa anaogopa kitu kimoja na wewe. Wewe ukipiga simu unacheka. Yeye akipokea anacheka. Halafu munakonda wote wawili, kila mutu fasi yake."

Kezironi akaketi kwenye kigoda. Akafunika uso kwa mikono yake yote miwili. Ladislas alibaki amesimama na uzito wote ule mwilini, na kwa mara ya kwanza haukumwangusha, labda kwa sababu aliyeumia naye alijua kwamba kuna mtu anausikia. Sajini akajifuta, akatoka.

"Huyu fundi hana kosa," aliwatangazia watu huku akiivaa Kaunda yake iliyofumuka pande zote. "Mtu akisema bibi yangu alikuwa na mimba, aseme na mimi nilikuwa nayo. Tulijifungua pamoja." Safari hii watu walicheka kwelikweli. Provia peke yake hakucheka. Hadi leo anaamini kaka yake alipewa kitu nyuma ya lile pazia, na akipita Nyamityobora huvuka barabara.

Walipoondoka, Ladislas alimgeukia Musoni. Hili lilikuwa gumu kuliko la askari. "Nakuuliza, ndugu yangu. Ni wewe ulisema ni nguo ya mimba?"

Musoni akaacha cherehani yake. "Ni mimi. Nilikuwa nakusifu! Nikasema mwenzangu anashona kwa akili. Halafu nikaona uso wa yule mama, nikajua nimeharibu. Wiki mbili nashindwa kukuambia. Nilikuletea hadi chai, hukunywa."

Ladislas alitaka ardhi immeze. Wiki mbili alikuwa amekaa kando ya majuto ya mtu na kuyaita hila. Siku hiyo yeye ndiye aliyeagiza chai.

Hapo ningeweza kuishia, na wengi wangeridhika. Lakini Jumanne iliyofuata Atuhaire alikuja peke yake, gauni la njano na kijani limekunjwa kwapani. Ladislas alimkaribisha kwa furaha. Kwa vyovyote alitarajia shukrani, na kwa mara ya kwanza maishani alikuwa tayari kuzipokea. Akamsogezea kiti.

Hakuketi. Aliliweka gauni mezani, akaufungua ule mshono, akaweka kidole chake juu ya kitambaa kilichozidi.

"Mume wangu ameniambia yote," alisema. "Fundi, wewe uliona mimi naisha. Mwezi mzima mbele ya watu wote, wewe peke yako uliona. Ukaambia nguo." Akalisukuma gauni kuelekea kwake. "Mimi nilikuwa hapa hapa nimesimama. Kwa nini mimi hukuniambia?"

Ladislas alitafuta chaki, akaona aibu, akaiacha. Alikuwa amejiita mwema miaka ishirini kwa nafasi alizowaachia watu ndani ya mishono. Kumbe kuna mwanamke aliyekuwa anazama, naye alimwona, akampimia kamba, akaikunja vizuri, akaipiga pasi na kuificha. Aliona uchungu, na safari hii ulikuwa wake mwenyewe, haukutoka kwa mtu.

Akachukua tepi. Akaja akasimama mbele yake, si ubavuni, akaizungusha kiunoni na kusoma.

"Ishirini na tano," alisema kwa sauti, hadi Musoni akainua kichwa. "Ilikuwa thelathini. Unakulaka, mama?"

"Sikuli."

"Juu ya nini?"

Atuhaire akaketi kwenye benchi la wateja. Aliongea polepole, akisimama na kuanza tena, na Ladislas hakushika sindano wala mkasi. Walipomaliza, mkaa wa pasi ulikuwa umezimika wote, na ilibidi uwashwe upya.